Aliyetumwa

Hazina ya methali za Kiswahili haikukubali kusema neno moja tu juu ya ushujaa. Upande mmoja inasema kwamba mstahimilivu hula mbivu, na kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Upande wa pili, kwa sauti ya chini zaidi, mithili ya sauti ya mama aliyekwisha kuzika, inasema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hizi zimekaa nyumba moja dahari nyingi pasi na kugombana. Pengine ni kwa kuwa kila moja ina wakati wake: zile hutamkwa watu wanapofunga safari, na hii hutamkwa wanaporudi wakiwa pungufu.

Katika zama hizi mwanamichezo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuzifundisha zile methali za safari. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mashujaa wa tenzi na ngano. Mtoto wa pwani alisimuliwa Fumo Liyongo, ambaye hata baada ya kuchomwa sindano ya shaba kitovuni alipiga goti kisimani, akatia mshale katika uta, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wasijue kwamba anayewatisha amekwisha kufa. Leo mtoto huyohuyo husimuliwa wakimbiaji na wacheza mpira, na kila kisa hufungwa kwa wasia uleule: usikate tamaa. Ni wasia mwepesi. Umeandikwa kwenye kuta za madarasa, umechapishwa kwenye fulana, na wauza viatu wameufanyia biashara. Ubaya wake si kuwa ni uwongo. Ubaya wake ni kwamba haumwambii mtu lile lililo gumu, nalo ni kujua lini kuendelea ni ushujaa na lini ni ukaidi tu uliovaa joho la ushujaa.

Swali hili si geni. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Laches, majemadari wawili wa Athens wanaulizwa na Socrates ushujaa ni kitu gani. Laches mwenyewe anajibu upesi kwamba shujaa ni yule anayebaki katika safu yake mbele ya adui wala hakimbii. Socrates anamkumbusha kwamba wapo wapanda farasi, kama vile Waskithi, ambao hupigana vyema huku wakirudi nyuma. Laches anajaribu tena: ushujaa ni namna ya ustahimilivu wa roho. Hapo ndipo linapoulizwa swali ambalo mpaka leo halijapata jibu la kumkinaisha kila mtu. Je, na ustahimilivu usio na akili nao ni ushujaa? Miongoni mwa mifano inayotolewa umo mmoja ambao mtu wa visiwani ataufahamu bila ya mkalimani. Yupo mzamiaji aliyefunzwa kazi yake, na yupo asiyejua kuzamia ambaye naye anashuka majini. Huyu wa pili anajitia katika hatari kubwa zaidi. Basi mbona hastahili kuitwa shujaa zaidi? Mazungumzo yanakwisha bila ya jibu, na watu wazima wale wanaagana wakiwa wamekubaliana kwamba wao wenyewe wanahitaji mwalimu.

Ipo siku moja ya mwaka 1968 ambayo yafaa kuwekwa mbele ya swali hilo, kwa sababu siku hiyo, katika mji mmoja, majibu yake kadhaa yalitolewa kwa miguu. Siku yenyewe ni tarehe 20 Oktoba, na mji ni Mexico City, ulioinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi huisha kabla ya nguvu za miguu. Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikikaribia wiki yake ya mwisho. Katika mbio za marathoni walianza watu 75, na waliofika mwisho ni 57.

Wa 57 alikuwa John Stephen Akhwari, aliyezaliwa mwaka 1938 huko Mbulu, akikimbia kwa jina la Tanzania, dola iliyokuwa na umri wa miaka minne na nusu tu. Kabla ya nusu ya safari, wakimbiaji walipokuwa wakigombea nafasi, alianguka. Goti liliumia na kuteguka, bega likapiga lami. Alifungwa bendeji, akainuka, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wengine wakafuata mmoja mmoja, watazamaji wakaanza kushuka ngazi kurudi makwao, jua likatua. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mtu mmoja aliingia uwanjani akichechemea, bendeji imemning'inia mguuni, mara akijitahidi kukimbia, mara akijikokota. Waliobakia wakasimama wakampigia makofi mpaka akapita mstari. Saa zilionyesha 3:25:27. Mtengeneza filamu Bud Greenspan aliiingiza picha hiyo katika kazi zake, na kwa sababu hiyo leo inaonekana na watu ambao siku ile wazazi wao walikuwa hawajazaliwa.

Baadaye aliulizwa kwa nini hakuacha. Jibu lake limesimuliwa mara nyingi, na maneno hutofautiana kidogo kwa kila msimulizi: kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, bali ilimtuma akazimalize. (Hizo maili 5,000, kwa hakika, ni chache mno, kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City ni karibu maradufu ya hapo. Lakini hapana aliyewahi kumtaka mtu aliyeteguka goti awe na uhakika wa jiografia.)

Jibu hilo limesafiri mbali kuliko mkimbiaji mwenyewe, na katika kusafiri limepungua uzito. Wanaolinukuu hulifanya ushahidi wa ule wasia wa ukutani. Lakini Akhwari hakusema kwamba yeye si mtu wa kukata tamaa. Hakuutaja moyo wake, wala maumivu yake, wala ndoto yake ya utotoni. Aliwataja waliomtuma. Kitenzi kinachobeba mzigo wote wa kauli ile ni kutuma, na Mswahili anayekisikia kitenzi hicho ana haki ya kusimama akakigeuza geuza kabla ya kupiga makofi.

Katika shina hilo la tuma, Kiswahili kimeotesha matawi mawili yaliyoachana mbali kabisa. Tawi moja limezaa mtume, aliyekabidhiwa ujumbe, daraja ambayo mbele ya waumini hapana mwanadamu anayeipita. Tawi la pili limezaa mtumwa. Naye hutumwa, lakini hana ujumbe alioaminiwa; yeye mwenyewe ndiye bidhaa. Baina yao amekaa mtumishi, ambaye huegemea upande huu au ule kwa kadiri ya bwana anayemtumikia. Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa palepale watu walipokuwa wakiuzwa, umbali wa matawi hayo mawili haukuwa kamwe jambo la sarufi peke yake. Basi mtu anayekokota goti lililoteguka kwa sababu ametumwa, ni wa tawi lipi?

Ipo hoja nzito dhidi ya Akhwari, na si haki kuipita kwa vifijo. Goti ni goti. Hakuna vita vilivyokuwa vikipiganwa, hakuna mgonjwa aliyekuwa akingojea dawa mwisho wa barabara ile, na nchi haipati wala haikosi kitu kwa mwanawe kuwa wa 57 badala ya kutokuwemo. Taifa linalompenda mtoto wake lingependa zaidi arudi akitembea. Na taifa ambalo lingetaka amalize hata kwa kuubwaga mwili wake, lau lingekuwapo, lingestahili jina la bwana wa watumwa na wala si jina la mama. Wapo pia vijana walioumizwa na makocha waliozikariri hadithi kama hizi, wakaambiwa wacheze juu ya mfupa uliopasuka kwa kuwa shujaa haachi. Visa vyao havina filamu.

Hoja hii ni ya kweli. Lakini inasahau jambo moja la siku ile: hapana aliyemwamuru. Kanuni za mbio zinampa mtu ruhusa ya kuacha kila hatua, na watu 18 waliitumia ruhusa hiyo mchana uleule, wala hapana aliyewashitaki. Waliomtuma walikuwa wamelala ng'ambo ya bahari mbili, kwani Mexico inapoingia magharibi, Afrika ya Mashariki huwa imekwisha kupita usiku wa manane. Hawakujua kwamba ameanguka. Alichokuwa nacho barabarani si amri. Kilikuwa ni amana. Na watu wa pwani wanaijua amana. Mwenyewe hayupo, pengine amesafiri na kaskazi na hatarudi mpaka kusi. Aliyeachiwa yu peke yake na kile kitu usiku, mlango umefungwa, na hapana anayehesabu. Hapo ndipo tofauti ya mtumwa na mwaminiwa inapoonekana. Mtumwa hufanya kazi jicho la bwana likiwa juu yake. Mwaminiwa huitunza amana wakati uwanja umekwisha kuwa mtupu.

Na swali la Socrates, je? Akhwari hakuwa yule anayezama asiyejua kuzamia. Alikuwa mkimbiaji aliyefunzwa, aliyeujua urefu wa njia iliyobakia na aliyeuona mguu wake. Alichofanya baada ya kuanguka kinaonyesha akili kuliko hasira: aliliacha shindano na akabakia na safari. Tangu hapo hakuwa akishindana na Mamo Wolde wala na yeyote, alikuwa akifika. Lau angejaribu kuwakimbiza wale waliomtangulia kwa goti lile, angekuwa mkaidi, na huenda barabara ingemshinda kilomita chache mbele.

Jambo ambalo wasimulizi wengi huliacha, kwa kuwa linaiharibia hadithi unadhifu wake, ni kwamba katika mbio zilezile alikuwemo Abebe Bikila. Huyu ndiye aliyeshinda Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku na kuingia usiku kwenye mwanga wa mienge. Ndiye aliyeshinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Hapana mtu duniani wakati ule aliyekuwa na haki zaidi ya kuitwa mstahimilivu. Alikwenda Mexico akiwa na maumivu ya mguu, na baada ya kilomita 17 hivi akaacha. Inasimuliwa kwamba kabla ya kutoka alimwambia Mamo, mwenzake katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, kwamba yeye hawezi kuendelea na kwamba ushindi sasa ni juu yake. Mamo akashinda.

Je, yupi alikuwa shujaa, aliyemaliza au aliyeacha? Ukutani kwenye ule wasia jibu ni moja, na ni jibu baya. Bikila naye alitumwa. Naye alikuwa na amana. Lakini amana yake ilikuwa na mtu wa pili wa kuipokea, na ushujaa wake ukawa ni kuikabidhi mapema, akiwa bado anaweza kusema, badala ya kuanguka nayo. Nahodha anayetua tanga anapoona wingu jeusi linakuja hatukanwi na wanabahari. Anatukanwa yule aliyeliacha limpasukie mikononi kwa kuwa abiria walikuwa wakimtazama. Kwa mtu aliyezoea kushinda, kushuka barabarani mbele ya ulimwengu kunahitaji kifua kipana kuliko kuendelea. Watunzi wa mashairi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Shairi lililokatika katikati ya ubeti haliwi shairi fupi. Huwa shairi lililovunjika. Lakini yupo pia mtunzi aliyejua kwamba ubeti wa sita ndio uliokuwa mwisho, akaziacha beti nyingine sita alizokuwa nazo tayari, na msomaji asijue kamwe alichookolewa nacho.

Kilichomfika Bikila baadaye kinaongeza uzito. Machi 1969 gari lake lilipinduka, akapooza miguu. Mwaka uliofuata alikuwa Stoke Mandeville, Uingereza, katika michezo ya watu wenye ulemavu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, akishindana kwa upinde na mshale. Alifariki Oktoba 1973 akiwa na umri wa miaka 41. Mtu aliyejua kuacha barabara ya Mexico hakuacha alipoondolewa miguu yenyewe. Kwa hivyo kuacha kwake hakukuwa tabia. Kulikuwa hukumu, iliyotolewa siku moja, juu ya jambo moja.

Siku hiyohiyo ya tarehe 20 Oktoba, katika uwanja uleule, Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Jim Ryun wa Marekani mbali nyuma. Wiki moja kabla yake alikuwa ameanguka katika mbio za mita 10,000 kwa maumivu ya mfuko wa nyongo, na madaktari walimwonya asikimbie tena. Hakuwasikiliza. Kisa hiki husimuliwa kwa furaha, na furaha hiyo inastahili. Hata hivyo kinatia wasiwasi. Ushindi ni wakili hodari kupita kiasi. Lau Keino angefia katika mzunguko wa mwisho, kitendo kilekile, kwa nia ileile, kingeitwa upumbavu, na ile methali ya kilio ingetolewa kabatini. Ikiwa ushujaa unapimwa kwa kilichotokea baada yake, basi si sifa ya mtu tena, ni bahati yake. Hapa Akhwari ana faida juu ya Keino, ijapokuwa ni faida ambayo hapana angeichagua: hakushinda kitu, na kwa hivyo kitendo chake kinaweza kutazamwa bila ya dhahabu kumulika machoni.

Siku nne kabla yake, jukwaa la washindi wa mita 200 lilikuwa limeshuhudia namna nyingine ya kutumwa. Tommie Smith na John Carlos walipelekwa Mexico na Marekani, nao walikuwa wajukuu wa watu walioletwa Marekani kwa minyororo. Wimbo wa taifa ulipopigwa waliinamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovikwa glovu nyeusi, miguu yao ikiwa haina viatu ila soksi nyeusi, ishara ya ufukara wa watu wao. Walisimamishwa kutoka katika timu na kuamriwa kuondoka. Wapo waliosema kwamba wameisaliti nchi iliyowatuma. Lakini nchi si serikali peke yake. Waliomtuma mtu ni pamoja na wale ambao hawakuulizwa. Smith na Carlos walikataa kuwa bidhaa ya kuonyeshwa, wakachagua kuwa wenye ujumbe. Ndio umbali ule wa matawi mawili, ukivukwa kwa mkono mmoja ulioinuliwa.

Tanzania yenyewe ilipewa fursa ya kuufikiri tena mkataba huu wa mtumaji na mtumwaji, na safari hii kwa uchungu zaidi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa namna iliyokuwa kinyume na busara yote ya mbio za masafa ya kati. Busara husema: mwache mwingine akate upepo, nawe umpite karibu na mwisho. Kutangulia si kufika, Waswahili walikwisha kulinena. Bayi alitangulia tangu bastola ilipolia, akatangulia mpaka akafika, kwa 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji, kwa 3:32.52, muda ambao nao ulikuwa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata waliivunja rekodi ya maili mmoja baada ya mwingine, Bayi mwezi Mei na Walker mwezi Agosti. Ulimwengu ukaanza kuhesabu siku za kuonana kwao Montreal, Olimpiki ya 1976.

Hawakuonana. Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, mwaka uleule ambao wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi kuanzia tarehe 16 Juni. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kuingia Montreal; zilipokataliwa, zaidi ya nchi 20 zilijitoa, na Tanzania ilikuwamo. Walker alishinda mita 1,500 kwa 3:39.17, mwendo wa pole kwa watu wa daraja lao. Bayi hakuwapo uwanjani.

Kwa hapa kitenzi kile kinarudi kikiwa kimepinduliwa: hakutumwa. Na kama kuna haki ya kumtuma mtu, hapana budi kuna haki ya kumwambia abaki. Sababu ya kubaki ilikuwa njema. Si wengi leo watakaosimama kuutetea ubaguzi ule wala wale waliocheza nao. Hata hivyo sababu njema ililipiwa na mfuko wa mtu mmoja zaidi kuliko mifuko ya wengine. Waziri aliyekosa Montreal aliendelea kuwa waziri. Mkimbiaji ana miaka michache mno ya kilele chake, na mwaka uliopita haurudi kwa azimio la mkutano wowote. Haki ya sababu haifuti deni kwa aliyeilipia, na katika jambo hili Afrika imekuwa mdeni mzito wa kukumbuka. Inatosha kuwauliza vijana kumi barabarani Filbert Bayi alikosa nini mwaka 1976.

Ustahimilivu wa namna hii hauna picha. Akhwari alikuwa na barabara ya kumaliza na mstari wa kuvuka. Bayi alipewa ukimya tu. Kiswahili kina neno subira kando ya neno ustahimilivu, na wanaoyatumia kama kitu kimoja huikosa hazina: mstahimilivu hubeba kinachomlemea, mwenye subira hubeba kile alichonyimwa. Miaka minne baadaye, Moscow 1980, Bayi alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo si zile zilizompa jina, akaongoza tena kama desturi yake, akapitwa karibu na mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland, akapata fedha kwa 8:12.5. Suleiman Nyambui akaleta fedha ya pili katika mita 5,000. Mpaka baada ya Michezo ya Paris 2024, medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuzipata katika Olimpiki.

Paris hiyohiyo ilileta kisa cha kuwekwa ubavuni mwa Mexico. Tarehe 10 Agosti 2024, Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa wa marathoni wa Rio na wa Tokyo, mtu aliyewahi Oktoba 2019 kukimbia masafa yale huko Vienna chini ya saa mbili, alishikwa na maumivu ya mgongo. Baada ya kilomita 30 akaanza kutembea. Watu wakamzunguka. Akaacha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya marathoni, na kabla ya kuondoka akawagawia watazamaji wa kando ya barabara viatu vyake, soksi zake, hata fulana yake. Wapo waliomlinganisha na Akhwari wakasema kwamba mzee wa Mbulu asingefanya hivyo. Ulinganisho huo haukutulia. Akhwari alikuwa bado hajakamilisha alichotumwa. Kipchoge alikuwa amekwisha kukirudisha mara mbili, kwa dhahabu. Mmoja alikuwa akilipa deni, mwingine hakuwa na deni. Tena katika kuvua viatu vile na kuvitoa pana kitu kinachofanana sana na kukabidhi, kama vile Bikila alivyomkabidhi Mamo, isipokuwa safari hii waliokabidhiwa walikuwa wapita njia.

Mwaka 1983 Akhwari alitunukiwa nishani ya ushujaa na taifa lake, miaka 15 baada ya jioni ile. Hapo mtumaji aliinuka akamjibu aliyetumwa, kwa kuchelewa, lakini alijibu. Pengine hiyo ndiyo sehemu ya mkataba ambayo husahauliwa katika mafunzo yote yanayotolewa kwa vijana. Huambiwa wawe kama Akhwari. Ni nadra wazee, viongozi na makocha kuambiwa wawe watumaji wanaostahili mtu wa namna hiyo, watakaoijua hali ya goti kabla ya kuuliza habari ya medali.

Na goti lenyewe lilipona. Julai 1970, mjini Edinburgh, Uskochi, Ron Hill wa Uingereza alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28. Wa tano kufika, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, zaidi ya saa nzima chini ya muda wake wa Mexico, alikuwa John Stephen Akhwari. Hizo ni mbio alizokimbia akiwa mzima, mchana, uwanja ukiwa umejaa watu, na hazimo katika hadithi wanazosimuliwa watoto.